Alama ya mkononi na deni letu kwa Calmette

Muhula uliopita, nilipokuwa nikifundisha insha katika kidato cha pili, mwanafunzi mmoja alinionyesha alama ndogo ya mviringo kwenye mkono wake wa kushoto, akataka kujua ni nani aliyemtia kovu hilo na kwa kosa gani. Darasa liliangua kicheko. Kila mmoja akakunja mkono wa shati kujitazama, na karibu wote walikuwa nayo.

Mimi sikucheka. Nilimkumbuka mpwa wangu, ambaye miaka kadhaa iliyopita nusura tumzike kabla hajatimiza miezi mitatu, ilhali alama hiyo hiyo alikuwa nayo. Niliwaahidi wanafunzi hao kwamba nitawasimulia habari za daktari Albert Calmette, na leo natimiza ahadi yangu mbele ya wasomaji wote.

Calmette alizaliwa katika mji wa Nice, Ufaransa, tarehe 12 Julai 1863. Alisomea udaktari katika jeshi la wanamaji, na kazi hiyo ikamfikisha Hong Kong, Gabon na visiwa vya baridi vya Saint-Pierre na Miquelon, karibu na Kanada. Mnamo 1890 alijiunga na taasisi ya Louis Pasteur mjini Paris. Mwaka uliofuata Pasteur alimtuma Saigon, Vietnam, akafungue maabara ya kutengeneza chanjo za ndui na za kichaa cha mbwa. Huko ndiko alikoanza kuchunguza sumu ya swila, uchunguzi uliozaa dawa ya kuwatibu walioumwa na nyoka. Lau angekomea hapo, bado jina lake lingestahili kukumbukwa.

Mwaka 1895 alikabidhiwa taasisi mpya ya Pasteur katika mji wa Lille, kaskazini mwa Ufaransa. Lille ulikuwa mji wa viwanda vya nguo, na wafanyakazi wake waliishi kwa kusongamana katika vyumba visivyopitisha hewa. Kifua kikuu kiliwafyeka. Robert Koch alikuwa ametangaza mwaka 1882 kwamba amekigundua kiini cha maradhi hayo, lakini kumjua adui si kumshinda, dawa haikuwapo. Mnamo 1901 Calmette alifungua zahanati ya wagonjwa maskini wa kifua kikuu. Hakutosheka kuwapokea mlangoni tu. Aliwatuma watu, wengine wakiwa wafanyakazi kama wao, wakawatembelee majumbani, wayaone makazi yao na kuwatambua jamaa walioambukizwa. Naomba msomaji alihifadhi jambo hili, maana nitalirejea.

Katika mji huo huo Calmette alishirikiana na daktari wa mifugo, Camille Guérin. Mnamo 1908 walianza kuotesha viini vya kifua kikuu cha ng'ombe juu ya vipande vya viazi vilivyotiwa gliserini na nyongo ya ng'ombe. Waligundua kwamba viini hivyo vilipungua ukali. Basi, kila baada ya wiki 3 walivihamisha kwenye viazi vipya, tena na tena, kwa miaka 13. Vita Vikuu vya Kwanza vilizuka, Wajerumani wakauteka mji wa Lille, viazi na nyongo vikawa adimu, na mke wa Calmette akachukuliwa mateka hadi Ujerumani. Kazi haikukatika. Baada ya kuvihamisha mara 230 walikuwa na kiini kilicho hai kisichoweza tena kuleta ugonjwa kwa wanyama waliowajaribia. Ndicho kiini cha chanjo ya BCG, ambayo herufi zake mbili za mwisho ni za majina yao wawili, Calmette na Guérin.

Mtu wa kwanza kupewa chanjo hiyo alikuwa mtoto mchanga, mjini Paris, mwaka 1921. Mama yake alikuwa amekufa kwa kifua kikuu muda mfupi baada ya kujifungua, na nyanya aliyetazamiwa kumlea naye alikuwa mgonjwa wa maradhi hayo hayo. Daktari Benjamin Weill-Hallé na mwenzake Raymond Turpin walimnywesha chanjo hiyo. Mtoto alikua salama. Kati ya 1924 na 1928 watoto wapatao 114,000 walichanjwa nchini Ufaransa.

Kisha ukaja msiba. Mnamo 1930, katika mji wa Lübeck, Ujerumani, watoto wachanga wapatao 250 walinyweshwa chanjo iliyotayarishwa katika maabara ya mji huo. Watoto 72 walikufa kwa kifua kikuu. Lawama zilimwangukia Calmette kutoka kila upande. Uchunguzi ulibainisha kwamba kiini chake hakikuwa na hatia: katika maabara ya Lübeck chanjo ilikuwa imechanganyika na viini vikali vya kifua kikuu vilivyohifadhiwa humo. Madaktari wawili walihukumiwa kifungo mwaka 1932. Calmette alitakaswa, lakini huzuni ile haikumwacha. Alifariki mjini Paris tarehe 29 Oktoba 1933, akiwa na umri wa miaka 70. Dawa ya streptomisini, ya kwanza kukitibu kifua kikuu kwa hakika, iligunduliwa mwaka 1943, miaka 10 baada ya kifo chake.

Sasa nimrudie mpwa wangu. Alichanjwa alipozaliwa, kama sheria ya afya inavyoelekeza. Baada ya wiki chache akaanza kukataa titi, uzito ukagoma kuongezeka, homa ikawa haimtoki na pumzi zikawa za haraka. Alitibiwa nimonia mara mbili bila nafuu. Katika muda huo wote dada yangu aliketi kando ya kitanda akikohoa, na hakuna aliyemuuliza alianza kukohoa lini. Sisi jamaa pia hatukuuliza. Ni muuguzi mmoja wa zamu ya usiku aliyeuliza. Kohozi la mama likapimwa, mtoto akapigwa eksirei na kuvutwa maji ya tumboni kwa mrija mwembamba, kwa kuwa mtoto mchanga hawezi kutema kohozi, hulimeza. Wote wawili walikutwa na kifua kikuu. Walitibiwa kwa miezi kadhaa, wakapona.

Hapo ndipo nilipoyaelewa maisha ya Calmette vizuri zaidi. Chanjo yake humkinga mtoto na kifua kikuu cha ubongo na kile kinachosambaa mwilini mwote, lakini ni ngao, si tiba, na haimfai aliyekwisha kuambukizwa. Ndiyo maana, mama akijulikana kuwa na kifua kikuu cha kuambukiza wakati wa kujifungua, madaktari humchunguza mtoto kwanza. Asipokuwa na dalili, hupewa dawa ya kinga kama isoniazidi, kwa kawaida kwa miezi 6, na chanjo huahirishwa hadi amalize. Akiwa mgonjwa, hutibiwa kwa dawa kadhaa kwa pamoja, zikipimwa kulingana na uzito wake. Mama naye hutibiwa, na aghalabu huendelea kunyonyesha.

Lakini yote hayo hutegemea swali moja: ni nani anayekohoa nyumbani? Calmette aliliuliza mjini Lille miaka 20 kabla chanjo yake haijampata mtoto wa kwanza. Mtoto yule wa Paris naye alichaguliwa kwa sababu madaktari waliijua nyumba aliyotoka. Sisi tumeirithi chanjo tukalisahau swali.

Walimu wenzangu, tulifundishe swali hilo pamoja na maana ya alama ile. Nanyi wanafunzi, mkifika nyumbani leo na kumkuta mzazi mwenye kichanga akikohoa kwa wiki mbili au zaidi, msimwonee haya. Mwambieni aende akapimwe, na ampeleke mtoto pia.