Berson: Mtafiti aliyeufumania upepo juu ya Ziwa Victoria

KATI ya mitaa ya Kawangware na Kibera jijini Nairobi, pale Dagoretti Corner, Idara ya Hali ya Hewa ya Kenya hurusha maputo yaliyobeba vifaa vya kupimia joto, unyevu na upepo wa angani. Kazi ya namna hiyo ilifika Afrika Mashariki mwaka 1908, ikiongozwa na Arthur Berson kutoka Ujerumani.

Berson alizaliwa mwaka 1859 mjini Nowy Sącz, ambao leo uko Poland. Hakuwa mtaalamu wa kukaa ofisini. Mnamo Desemba 4, 1894, alipaa peke yake katika puto hadi mita 9,155. Julai 31, 1901, yeye na Reinhard Süring walipanda kutoka Berlin katika kikapu kilicho wazi, wakivuta oksijeni kwa mirija, huku baridi ikikaribia nyuzi 40 chini ya sufuri. Walipokaribia mita 10,800, Berson aliwahi kuvuta kamba ya kutoa gesi ili puto lishuke, kisha naye akazimia kama mwenzake. Wangechelewa kidogo, wasingerudi hai.

Vipimo vyao vilimsaidia mkuu wao, Richard Assmann, kuamini kwamba juu kabisa joto huacha kupungua. Tabaka hilo, lililotangazwa mwaka 1902, ndilo stratosfia.

Katika Ziwa Victoria, Berson hakupanda mwenyewe. Alitumia tiara na maputo ya mpira yasiyo na mtu. Karibu na kilomita 20 juu ya ikweta alikuta jambo la kushangaza: upepo ulivuma kutoka magharibi. Wataalamu walijua kinyume chake, kwa kuwa majivu ya volkano ya Krakatoa ya mwaka 1883 yalikuwa yamezunguka dunia yakisukumwa na upepo wa mashariki. Nani alikosea? Kwa nusu karne vitabu viliandika pepo zote mbili, kila moja na kimo chake, bila maelezo ya kuridhisha.

Berson alifariki Berlin mwaka 1942, kitendawili kikiwa hakijateguliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, Richard Reed wa Marekani na Mwingereza R. A. Ebdon walionyesha, kwa vipimo vya maputo, kwamba pepo hizo hupokezana, mzunguko mzima ukichukua miezi 28 hivi. Mwaka 1908 ilikuwa zamu ya upepo wa magharibi.