Ufunguo wa Alain Locke

Wanachuo wenzangu, tunaigombania GPA kana kwamba ikishapanda, milango yote itafunguka yenyewe. Hebu tumtazame Alain Locke.

Alizaliwa Philadelphia, Marekani, mwaka 1885, na mama yake alikuwa mwalimu. Kabla ya kwenda Harvard alisomea ualimu palepale mjini kwao. Nalitaja hili kwa makusudi, maana sisi wa elimu tumechoka kuambiwa eti tumekuja huku kwa kukosa kozi nyingine.

Harvard aliingia 1904, akapiga msuli, akamaliza digrii ya kwanza kwa miaka mitatu. Akachaguliwa kuingia Phi Beta Kappa, chama cha heshima cha wanafunzi waliofaulu sana, kilichoanzishwa Virginia mwaka 1776. Chama hiki huombi kujiunga, unachaguliwa, na alama yake ni kiufunguo kidogo cha dhahabu. Mwaka uleule wa 1907 Locke akawa Mmarekani mweusi wa kwanza kupata ufadhili wa Rhodes wa kwenda Oxford.

Sasa sikia. Vyuo kadhaa vya Oxford vilimkataa kabla Hertford haijampokea. Wamarekani wenzake wa majimbo ya kusini, wenye ufadhili uleule, walilalamikia kuwepo kwake, na Wamarekani walipoandaa karamu yao ya Sikukuu ya Shukrani, yeye hakualikwa. Kichwa kile, ufunguo ule, na bado hana kiti mezani!

Marafiki aliwapata kwingine. Kulikuwa na klabu ya wanafunzi wa mataifa mbalimbali, Cosmopolitan Club, na humo alikaa na vijana waliotoka kwenye makoloni, wakijadili habari za rangi na dola. Mmoja wa rafiki zake alikuwa Pixley ka Isaka Seme wa Afrika Kusini, ambaye mwaka 1912 alikuwa mmoja wa waanzilishi wa chama tunachokijua leo kama ANC. Mimi naona kundi lile lilimfundisha Locke kuliko mihadhara. Oxford yenyewe aliiacha bila digrii, akaenda Berlin.

Mwaka 1912 akaanza kufundisha Chuo Kikuu cha Howard, Washington, chuo cha watu weusi. Udaktari wa falsafa aliupata Harvard mwaka 1918. Mwaka 1925 alihariri The New Negro, kitabu kilichowatambulisha waandishi na wasanii wa Harlem, na mwaka huohuo Howard ikamwachisha kazi, baada ya yeye na wenzake kudai wahadhiri weusi walipwe sawa na weupe. Alirudishwa 1928.

Tatizo moja lilibaki. Phi Beta Kappa huchagua wanafunzi kupitia matawi yake vyuoni, na hakuna chuo cha watu weusi kilichokuwa na tawi. Mwanafunzi wa Locke angeweza kuongoza darasa miaka yote, asichaguliwe, kwa sababu tu anasoma Howard. Locke alikuwa miongoni mwa waliolihangaikia jambo hilo. Tawi la Howard lilifunguliwa 1953, sambamba na la Fisk, miaka 46 tangu yeye mwenyewe amalize Harvard.

Alistaafu mwaka huohuo, na Juni 1954 akafariki. Mmarekani mweusi mwingine hakupata ufadhili wa Rhodes mpaka miaka ya 1960.