Jeevanjee: Tajiri Aliyeacha Bustani

Penye njia panda hapakosi mji, na penye mji mpya ardhi hupanda bei kabla watu hawajajuana. Wasomaji wetu wa Nyakanazi wayajua hayo vema, kwani kwao barabara itokayo Kigoma kupitia Kibondo hukutana na ile itokayo Kahama kuelekea mpaka wa Rwanda. Malori yakija huja wageni. Wageni wakija huja maduka, viwanja, kandarasi na wagombea udiwani. Ndipo linapozuka swali: mfanyabiashara akiisha kuingia barazani, atamtumikia nani? Twaona yafaa kulijibu kwa maisha ya mtu mmoja aliyekufa zamani, aliyeuona mji wa Nairobi ukiwa bado kambi ya reli.

Alibhai Mulla Jeevanjee alizaliwa mwaka 1856 huko Karachi, mji ulio leo katika Pakistani, katika jamaa ya Waislamu Mabohora. Alitanga na biashara hata Australia, na mwaka 1890 akashuka Mombasa. Serikali ya Waingereza ilipoanza kujenga reli ya Uganda mwaka 1896, yeye ndiye aliyepewa kandarasi ya kuleta vibarua na mafundi kutoka Bara Hindi na kuwalisha. Kwa jumla watu zaidi ya 30,000 walivushwa bahari kwa kazi hiyo, na wapatao 2,500 kati yao hawakurudi, kwa maradhi na ajali. Basi tusisahau: utajiri wake ulisimama juu ya jasho la watu wasiotajwa majina.

Reli ilipofika Nairobi mwaka 1899, Jeevanjee aliifuata. Alijenga nyumba za serikali, akajenga soko, akamiliki viwanja vingi. Mombasa alianzisha gazeti, African Standard, akaliuza mwaka 1905. Mwaka 1906 aliwapa wakazi wa Nairobi bustani katikati ya mji, pamoja na sanamu ya Malkia Victoria.

Katika karne ileile, mjini New York, William Tweed, mkubwa wa Tammany Hall, alikuwa amekwisha kuonyesha jinsi siasa na kandarasi zinavyoweza kulala kitanda kimoja. Jengo la mahakama lilimeza mamilioni ya dola ambayo sehemu kubwa iliishia mifukoni mwa wakubwa, na Tweed akafa gerezani mwaka 1878. Mtu aliyetajirishwa na serikali kama Jeevanjee angetazamiwa kunyamaza ili kandarasi zisikatike. Yeye hakunyamaza.

Baraza la Kutunga Sheria lilifunguliwa mwaka 1907, na baada ya muda mfupi yeye akawa mtu wa kwanza asiye Mzungu kuketi humo. Aliona upesi kwamba kiti kimoja kati ya wengi ni pambo tu. Mwaka 1910 alikwenda London kulalamika waziwazi kuwa Wahindi wananyimwa ardhi ya nyanda za juu na haki za raia. Mwaka 1914 aliongoza mkutano wa kwanza wa umoja wa Wahindi wa Afrika Mashariki. Wakubwa waliomtajirisha hawakumpenda tena, na alipofariki Nairobi mwaka 1936, mali yake nyingi ilikuwa imekwisha kupotea.

Hata hivyo haki hutudai tuseme yote. Kule London alipendekeza nchi hii iunganishwe na milki ya Bara Hindi. Aliwatetea watu wake kwa ushujaa, lakini Mwafrika, mwenye nchi, hakumwekea nafasi katika hesabu hiyo. Mwafrika wa kwanza, Eliud Mathu, hakuingia katika baraza hilo mpaka mwaka 1944. Ni ajabu ya moyo wa binadamu kwamba aliyeumwa na ubaguzi aweza kuusikia uchungu wake na asiusikie wa jirani.

Bustani ndiyo iliyobaki. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kuijenga maegesho ya magari na maduka. Mjukuu wake, Zarina Patel, alisimama kuupinga, na wananchi wengi wakasimama pamoja naye, hata mpango ukaachwa. Aliyelala pale majani saa ya mchana kwa kukosa nauli ya kurudi kula nyumbani hamjui Jeevanjee, wala si lazima amjue.

Ninyi wazazi, mnapowapigia kura wenye maduka na malori, msiulize tu wametoa nini wakati wa kampeni. Ulizeni ni kiwanja gani cha watoto, cha soko au cha makaburi walichokilinda kisiuzwe. Tena ulizeni ni nani waliyemsahau. Mali ya Jeevanjee ilipotea. Kile alichokitoa kwa wote kingalipo.