Cameron, mwanamaji aliyeona mlango wa Ziwa Tanganyika

MWAKA 1874, Luteni Verney Lovett Cameron wa Uingereza aliingia Ujiji akiwa na swali lililowashinda wengi waliomtangulia: maji ya Ziwa Tanganyika hutokea upande gani?

Swali hilo lilikuwa zito. Ziwa lisilo na mto wa kutoa maji hukaushwa na jua na kubakiwa na chumvi, kama ilivyo Natron na Eyasi. Tanganyika, hata hivyo, maji yake yalinyweka. Novemba 1871, Livingstone na Stanley walithibitisha kuwa Mto Rusizi, uliodhaniwa kuwa ndio mlango, huingiza maji ziwani.

Cameron alizaliwa mwaka 1844 na kujiunga na jeshi la majini angali mtoto, mwaka 1857. Baadaye alitumikia meli zilizozuia biashara ya watumwa katika pwani ya Afrika Mashariki. Mwaka 1873 alitumwa kumpelekea msaada Livingstone, msafara wake ukiongozwa na Sidi Mubarak Bombay.

Alipokuwa Unyanyembe, Tabora, alipata habari kwamba Livingstone amefariki. Wenzake wawili Waingereza walipoteza maisha safarini na wa tatu akarejea pwani. Cameron aliendelea hadi Ujiji, akaziokoa karatasi za marehemu, kisha akaanza kupima mwambao wa kusini kwa mitumbwi.

Mei 1874, upande wa magharibi, aliufikia Mto Lukuga. Mlango wake ulizibwa na mchanga na majani, lakini maji yalijipenyeza polepole kuelekea magharibi. Novemba 1875 alifika Bahari ya Atlantiki, akiwa Mzungu wa kwanza kuvuka Afrika ya ikweta kutoka mashariki hadi magharibi.

Stanley alipoukagua Lukuga mwaka 1876 hakukubaliana naye. Aliamini mto huo ungekuja kutoa maji pale tu ziwa litakapopanda zaidi. Mwaka 1879, nahodha Edward Hore, mmisionari aliyeishi Ujiji, aliukuta ukienda kwa kasi. Ziwa lilikuwa limefurika na kubomoa kizuizi. Katika miaka iliyofuata lilishuka kwa takriban mita 10, na maji yakarudi nyuma kutoka Ujiji.

Cameron alifariki Machi 1894 baada ya kuanguka kutoka juu ya farasi. Hata hivyo, ushahidi wake ungali na kazi. Wanasayansi husoma hali ya hewa ya kale katika tope la sakafu ya ziwa, ambalo huonyesha vipindi vya mvua na ukame vya maelfu ya miaka. Tope hilo haliwezi kutaja mwezi; maandishi ya Cameron, Stanley na Hore yanautaja.

Kwa wakazi wa Kasingirima na kata nyingine za Manispaa ya Kigoma-Ujiji, hilo si jambo la vitabuni tu. Ziwa lilipanda tena miaka ya 1960, na katika miaka ya 2020 limefurika makazi na bandari za mwambao wake. Ardhi iliyoachwa na maji haijapewa mtu moja kwa moja. Anayejenga hapo hana budi kwanza kuuliza maji yaliwahi kufika wapi.