Banting, daktari aliyeachilia insulini kwa dola moja

MGONJWA wa kisukari wa Malindi au Ganze anayejidunga insulini tumboni au pajani kabla ya mlo, uhai wake umefungamana na daktari wa Kanada ambaye zahanati yake ilikosa wagonjwa.

Frederick Banting alizaliwa Novemba 14, 1891, kwa wazazi wakulima karibu na Alliston, Ontario. Alifuzu udaktari mwaka 1916, akaenda vitani na kujeruhiwa Ufaransa mwaka 1918. Aliporejea, alifungua zahanati ambayo haikumlipa. Usiku wa Oktoba 31, 1920, baada ya kusoma makala kuhusu kongosho, alipata wazo la kutoa humo kiini kinachodhibiti sukari.

Zama hizo, mtoto mwenye kisukari alinyimwa chakula ili maisha yasogezwe miezi michache tu.

Mwaka 1921, katika maabara ya Profesa John Macleod jijini Toronto, Banting na mwanafunzi Charles Best walianza kuwafanyia mbwa majaribio. Januari 11, 1922, Leonard Thompson, mvulana wa miaka 14, alidungwa dawa hiyo bila mafanikio. Mwanakemia James Collip akaisafisha, na Januari 23 sukari ya kijana huyo ikashuka. Aliishi miaka 13 zaidi.

Banting hakuwa mpole. Alipotunukiwa Tuzo ya Nobel pamoja na Macleod mwaka 1923, alighadhabika kwamba Best amesahauliwa, akamgawia nusu ya fedha zake. Haki za uvumbuzi, yeye, Best na Collip walikiachia Chuo Kikuu cha Toronto kwa dola moja kila mmoja.

Hata hivyo, insulini yake ilifanya kazi kwa saa chache tu, nayo haimezwi kwa sababu tumbo huisaga kama chakula. Wagonjwa walidungwa mara kadhaa kwa siku. Mwaka 1946, maabara ya Hans Christian Hagedorn wa Denmark ilitoa insulini ya kudumu zaidi, yenye weupe wa maziwa. Ndiyo ile ambayo mgonjwa huizungusha taratibu viganjani kabla ya kuivuta kwa sirinji. Akichanganya mbili, ile angavu ya muda mfupi hutangulia. Zipo sasa za kudumu siku nzima. Lakini zote huharibiwa na joto, na katika Pwani hii, asiye na jokofu huihifadhi chupa karibu na maji ya mtungi wa udongo.

Banting hakuiona hiyo ya Hagedorn. Februari 1941, ndege iliyokuwa ikimpeleka Uingereza kwa shughuli za vita ilianguka Newfoundland. Alifariki Februari 21, akiwa na miaka 49.