Birkeland: Aliyeng’amua siri ya upepo wa jua akafa kabla ya kusadikiwa

Jua halitoi mwanga na joto pekee. Mchana na usiku hurusha pia mkondo wa chembe ndogo mno zenye chaji za umeme, ambazo husafiri takriban kilomita 400 kwa sekunde na kuifikia dunia baada ya siku nne hivi. Wataalamu huuita mkondo huo upepo wa jua, na nyota nyingine nazo huwa na upepo wake.

Miongoni mwa watu wa kwanza kuutambua alikuwa Kristian Birkeland wa Norway, msomi ambaye hakujaliwa kuishi hadi siku ya kukubaliwa kwake.

Birkeland alizaliwa Desemba 13, 1867, katika mji wa Christiania, ambao leo ni Oslo. Mwaka 1898, akiwa na umri wa miaka 30, aliteuliwa profesa katika chuo kikuu cha mji huo.

Swali lililomshughulisha lilihusu mianga ya kijani na nyekundu inayocheza angani usiku katika nchi za kaskazini ya mbali. Yeye alishikilia kwamba jua hurusha chembe za umeme, na kwamba sumaku ya dunia huzivuta hadi kwenye ncha zake mbili, ambako huwasha hewa ya juu.

Kutafuta ushahidi kulimgharimu. Mnamo 1899 aliongoza kikosi hadi mlima Haldde, kaskazini mwa Norway, na kukaa kileleni msimu mzima wa baridi. Mmoja wa wenzake aliangamia katika poromoko la theluji mwaka 1900. Hakukata tamaa, mwaka 1902 alipeleka watu katika vituo vinne, kuanzia Iceland hadi visiwa vya Novaya Zemlya nchini Urusi.

Katika maabara yake alitundika tufe lenye sumaku ndani ya sanduku la kioo lililoondolewa hewa, kisha akalielekezea miale ya umeme. Pete za nuru zikazuka kuzunguka ncha za tufe hilo, mfano wa mianga ya kaskazini.

Safari hizo zilihitaji fedha nyingi. Machi 1903 alijaribu kunadi mzinga wa umeme usiotumia baruti, lakini ukalipuka kwa cheche na kishindo mbele ya waalikwa. Hata hivyo, cheche zizo hizo zilimpa yeye na mhandisi Sam Eyde njia ya kupata nitrojeni ya mbolea kutoka hewani, na mwaka 1905 kampuni ya Norsk Hydro ikaanzishwa.

Utajiri ulikuja, lakini heshima ya kisayansi ilichelewa. Arthur Schuster wa Uingereza alipinga kwamba chembe za aina moja zingesukumana na kutawanyika njiani. Mwaka 1916 Birkeland alieleza kuwa mkondo huo una chembe chanya na hasi kwa pamoja. Wachache walimsikiliza.

Wakati huo aliishi Misri, alikokwenda mwaka 1913 kuchunguza nuru hafifu inayoonekana angani baada ya machweo. Afya yake ilikuwa imedhoofika kwa kukosa usingizi na kutegemea dawa. Akiwa njiani kurejea nyumbani kupitia Japani, alikutwa amefariki hotelini mjini Tokyo Juni 15, 1917, baada ya kumeza dawa ya usingizi kupita kiasi. Alikuwa na umri wa miaka 49. Alikuwa amependekezwa mara saba kwa Tuzo ya Nobel bila kuipata.

Kwa miongo kadhaa nadharia za Sydney Chapman, pia Mwingereza, ndizo zilizotawala. Kisha mwaka 1958 Mmarekani Eugene Parker akakokotoa kwamba lazima jua litoe mkondo usiokoma. Chombo cha Kisovieti Luna 1 kilizinasa chembe hizo mwaka 1959, na mwaka 1962 chombo cha Marekani Mariner 2 kikaondoa shaka. Baadaye setilaiti zikagundua mikondo ya umeme juu ya ncha za dunia, ambayo sasa inaitwa kwa jina la Birkeland.

Mwaka 1994 Norway ilichapisha sura yake kwenye noti ya kroner 200. Ukweli wake ulikuwa umesubiri vyombo vya kuupima, naye hakuwa na umri wa kuvisubiri.