John Kemeny na BASIC, luga ya kompyuta inayokataa kufa

Wapanga programu wamekwisha kuizika BASIC mara mingi, lakini ingali inatumika. Luga hiyo ya kuandikia programu ilizaliwa 1964. Waliyoitunga ni wawili, John Kemeny na Thomas Kurtz.

Kemeny alizaliwa Budapest, Hungaria, mwaka wa 1926, katika familia ya Wayahudi. Mwaka wa 1940 jamaa yake ilifika New York kwa kukimbia Wanazi. Nkambo yake alikataa kuhama, akauawa.

Mwaka wa 1945, akiwa angali mwanafunzi wa Princeton, jeshi lilimtuma Los Alamos, kule bomu ya atomu ilikuwa inatengenezwa. Watu wa Katanga ya zamani wanajua uraniamu ya bomu ya Hiroshima ilitoka wapi: sehemu kubwa ilitoka Shinkolobwe, karibu na Likasi. Kazi ya Kemeny ilikuwa mahesabu, kwa mashini za IBM zenye kusoma karata za matundu. Hesabu moja ilichukua majuma. Kisha alimsaidia Albert Einstein kwa upande wa hesabu, na 1953 akaenda kufundisha Dartmouth.

Siku zile kompyuta ilifungiwa mu chumba chake. Mwanafunzi alipeana karata zake kwa wenye kuitumikisha, akangojea. Kosa moja dogo tu, anaanza tena kesho. Kemeny na Kurtz walitaka kila mwanafunzi aikaribie, hata yule wa historia. Njo sababu walichagua maneno mepesi ya Kiingereza: PRINT, LET, END. Tarehe 1 Mei 1964, saa kumi ya alfajiri, programu za kwanza zilitembea. Kompyuta moja ilihudumia watu wengi kwa zamu fupi sana, mpaka kila mmoja aliona kama ni yake peke yake. Na hawakulipisha makuta: mwanafunzi aliitumia vile anavyosoma vitabu vya biblioteke.

Wakubwa wa fani waliidharau. Mwaka wa 1975 Mholanzi Edsger Dijkstra aliandika kwamba BASIC inaharibu akili ya mwanafunzi. Hakukosa sababu: programu ndefu yenye kurukaruka kwa GOTO ni kama njia ya pori, hata aliyeilima anapotea. Lakini mwaka uleule Bill Gates na Paul Allen waliiingiza mu Altair, kompyuta yenye kumbukumbu ndogo sana. Luga ndogo njo iliyoweza kuenea mule.

Kemeny aliongoza Dartmouth kuanzia 1970 mpaka 1981, na wanawake wakaingia kusoma pale mwaka wa 1972. Mwaka wa 1979 Rais Carter alimpa kuongoza uchunguzi wa ajali ya nyuklia ya Three Mile Island. Alikufa tarehe 26 Desemba 1992, na miaka 66.

Mwaka mmoja mbele ya kifo chake, Microsoft ilitoa Visual Basic. Mwaka wa 1993 iliingia mu Excel, na ingali mule. Mutu wa kontabilite anayeamuru Excel imtayarishie liste ya mishahara kila mwisho wa mwezi anaandika mtoto wa luga ya Kemeny, na mara mingi hajiite hata mpanga programu.